Zilipendwa ni nyingi, mbona redio zinapiga zilezile?

Jumapili mchana mjini Ifakara huna haja ya kuwa na redio ili usikie redio. Ukitembea kutoka Kibaoni kwenda sokoni utaikuta kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwa mama ntilie na kwenye bajaji iliyoegeshwa chini ya mwembe. Ni muda wa zilipendwa. Gitaa likianza tu, mtu mzima yeyote anautambua wimbo. Na kama ni msikilizaji wa kila wiki, anaweza kukutajia hata utakaofuata.

Hapo ndipo penye tatizo. Kipindi kinabeba jina la nyimbo zilizopendwa nchi nzima kwa miongo kadhaa, lakini kinachosikika ni kapu dogo linalozunguka wiki hadi wiki. Wimbo uleule wa Mbaraka, uleule wa Marijani, uleule wa Sikinde, kisha tangazo la biashara, kisha tunaanza upya. Mzee anaizima redio, au anaiacha iimbe peke yake huku yeye akiendelea na mambo yake. Mjukuu naye anakua akiamini kwamba ujana wa babu na bibi yake ulikuwa na nyimbo zisizozidi 20.

Mpenzi msomaji, leo tuangalie tulifikaje hapa, nini kinapotea katika familia zetu za bonde la Kilombero, na kazi gani tunaweza kuifanya wenyewe nyumbani bila kusubiri mtu wa kutoka Dar es Salaam.

Enzi ya redio moja

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, wakati wa ukoloni. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikapata jina ambalo wazee wetu wanalikumbuka zaidi: Radio Tanzania Dar es Salaam, au RTD. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, msikilizaji wa Tanzania Bara alikuwa na redio moja tu ya nyumbani.

RTD ilikuwa pia studio ya nchi. Hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilisafiri hadi Nairobi, na iliyotaka kusikika hewani ilikwenda Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Huko wanamuziki walijipanga mbele ya maikrofoni chache, wakapiga wimbo mwanzo hadi mwisho, na fundi mitambo akaurekodi kwenye utepe mkubwa. Bendi ikarudi kwake. Utepe ukabaki maktaba.

Kwa njia hiyo maktaba ya RTD ilijaa maelfu ya kanda: dansi, taarabu, kwaya, ngoma za makabila, michezo ya kuigiza na hotuba za viongozi. Hazina ya muziki wa nchi nzima ikawa chini ya paa moja.

Matangazo yalifika hadi huku kwetu kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya aina hiyo husafiri mbali, hasa usiku, na milima haiyazuii kirahisi. Kila anayelijua bonde hili anajua maana yake. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi, zinalala kwenye madungu na kuamia ndege tangu alfajiri. Wavuvi nao huwa kambini kando ya mto Kilombero. Redio ndogo ya betri ndiyo iliyokuwa gazeti, saa ya ukutani na jirani wa kuzungumza naye. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili zaidi.

Kulikuwa na vipindi vya salamu. Msikilizaji wa Mlimba au Malinyi aliandika kadi, akataja majina ya ndugu na vijiji vyao, akataja na wimbo anaoutaka, kisha akasubiri. Wagonjwa waliolazwa walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole, na jina la mtu likisomwa hewani wodi nzima ilifurahi.

Tusidanganyane, RTD nayo ilikuwa na nyimbo iliyozipenda na kuzirudia. Tofauti ni kwamba msikilizaji akiomba wimbo wa bendi ya Tabora wa miaka kumi nyuma, kulikuwa na rafu ya kwenda kuutafuta na mtu aliyejua uko rafu ya ngapi.

Mkoa wetu na bendi zake

Sisi wa mkoa wa Morogoro tuna sababu ya ziada ya kulalamika, maana mji wetu mkuu ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya muziki nchini.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Salum Abdallah akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Jina lenyewe linaeleza: vijana wa wakati huo walikuwa wamenogewa na santuri kutoka Cuba, wakazichukua zile rumba na kuziimbia Kiswahili. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akashika uongozi wa bendi. Mji ukawa na bendi mbili kubwa zenye wapenzi wao, kama ilivyo leo kwa timu za mpira.

Mbaraka Mwinshehe alikulia kimuziki ndani ya Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Kazi aliyoiacha ni kubwa kiasi kwamba nchini Kenya zilitolewa santuri zake kwa mfululizo, zikiitwa Ukumbusho.

Sasa jiulize. Katika wiki nne zilizopita umesikia redioni nyimbo ngapi tofauti za Mbaraka? Je, umesikia hata mmoja wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah? Ya Kilaza?

Na hapo tumezungumzia mji mmoja tu. Tabora ilikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Tanga ilikuwa na Atomic na Jamhuri. Dar es Salaam ilikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Mwaka 1964 wafanyakazi wakapata bendi ya chama chao, NUTA Jazz, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa leo tunaiita Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, vijana wa chama walikuwa na Vijana Jazz, polisi walikuwa na Polisi Jazz. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, Wana Sikinde. Ongeza Maquis na Safari Sound. Kila bendi ilitunga, ikaenda studio, ikarekodi. Hesabu hiyo haiwezi kuishia kwenye nyimbo 20.

Kapu lilivyopungua

Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi. Radio One ikaanza mwaka 1994, nyingine zikafuata, na leo vituo vya redio nchini vimezidi 200. Mtu angetarajia kwamba redio zikiwa nyingi, nyimbo nazo zitakuwa nyingi. Kwa upande wa zilipendwa ilikuwa kinyume.

Sababu ya kwanza ni maktaba. Kanda za RTD zilibaki RTD, na baadaye zikawa chini ya TBC, shirika la utangazaji lililoundwa mwaka 2007. Vituo vipya vilianza bila kitu. Vilikusanya kaseti na sidii zilizokuwa zikiuzwa mitaani, kisha vikahamia kwenye flashi na intaneti. Wimbo uliowahi kunakiliwa mara moja ulinakiliwa na wote. Ndiyo maana ukisikiliza kwa makini, kituo hiki na kile vina mkwaruzo uleule, mahali palepale pa wimbo uleule. Ambao haukuwahi kutolewa kwenye utepe, hata kama ulitikisa kumbi mwaka 1968, kwa kompyuta ya redio haupo kabisa.

Sababu ya pili ni watangazaji. Kijana wa miaka 25 anapewa kipindi cha zilipendwa na folda moja. Hakuna aliyemfundisha kwamba sauti hii ni ya Western na ile ni ya Kilwa, na hakuna aliyempa muda wa kwenda kumuuliza mzee. Anapiga alichokikuta. Atakayempokea kipindi atarithi folda hiyohiyo.

Sababu ya tatu ni biashara. Mwenye kulipia tangazo anataka wasikilizaji wasihame. Wimbo unaojulikana unaonekana salama, na usiojulikana unaonekana ni hatari. Meneja anayeogopa kupoteza tangazo atachagua wimbo ambao kila mtu ameshausikia.

Sababu ya nne ni sisi. Tunatuma ujumbe wa simu kuomba wimbo, na tunaomba ule tuliousikia wiki iliyopita kwa sababu ndio unaokuja kichwani haraka. Mtangazaji anaona maombi kumi ya wimbo mmoja na anaamini kwamba ndio unaopendwa. Anaupiga. Wiki ijayo tunauomba tena.

Kuna na suala la mlima. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Sisi tuna Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande mwingine, kwa hiyo redio isiyo na mnara karibu haitufikii vizuri. Mtu wa Mngeta au Chita hana vituo vingi vya kuchagua kama mtu wa Dar es Salaam. Ndiyo maana redio za hapahapa, kama Pambazuko FM ya Ifakara na Ulanga FM ya Mahenge, zina uzito mkubwa. Ndizo zilizo karibu zaidi na masikio yetu, na zilizo karibu zaidi na wazee wenye kumbukumbu.

Wenzetu nao wanalia

Jambo hili halikuanzia kwetu wala halitaishia kwetu. Marekani wana redio zinazopiga muziki wa roki wa miaka ya 1960 hadi 1980, muziki wa baba na babu zao, na malalamiko yao ni yaleyale: bendi kadhaa kubwa, nyimbo mia chache, mzunguko usio na mwisho.

Kwao sababu inajulikana vizuri. Makampuni ya redio yaliwakusanya watu ukumbini, yakawasikilizisha vipande vya nyimbo vya sekunde chache kimoja baada ya kingine, na kila mtu akatoa alama. Wimbo uliopata alama ndogo uliondolewa. Kipande cha sekunde chache hutambulika kirahisi kama unakijua, hivyo nyimbo zilizozoeleka zilishinda kila mara na zile za kusikiliza taratibu zikatupwa. Kisha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ikaondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kampuni ya Clear Channel ikafikia kumiliki zaidi ya vituo 1,200. Vituo vikawa vingi, lakini mpangaji wa nyimbo akabaki mmoja.

Sisi hatuna kampuni ya vituo 1,200. Tumefika mahali pamoja nao kwa njia ya umaskini wa maktaba badala ya utajiri wa kampuni. Msikilizaji wa Chicago na msikilizaji wa Lupiro wanakutana kwenye uchovu mmoja.

Kinachopotea nyumbani

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya starehe tu, kwa nini yaje kwenye ukurasa wa familia. Sababu zipo.

Nyimbo hizi zilikuwa shule ya nyumbani. Watunzi waliimba kuhusu ndoa na talaka, mashemeji na mawifi, watoto walioacha kuandika barua, urithi, ulevi, na ugumu wa maisha ya mjini. Baba ambaye hakuweza kumweleza kijana wake jambo fulani ana kwa ana aliuacha wimbo useme. Kapu likipungua, zinabaki zile za mapenzi zenye kiitikio chepesi, na zile za mafunzo zinatoka kwanza.

Nyingine zilikuwa kumbukumbu za nchi. Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Kijana akiusikia huo leo atauliza: Kleruu alikuwa nani, na kwa nini aliuawa? Hapo babu anapata nafasi ya kueleza vijiji vya ujamaa na mivutano ya wakati ule. Wimbo usipopigwa, swali haliulizwi.

Hata nyimbo zinazopigwa hazipigwi zote. Wapenzi wa dansi wanajua kwamba wimbo wa enzi hizo ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza sehemu ya taratibu yenye mashairi na ujumbe. Kisha gitaa zinabadilika, mdundo unapanda, na linaanza chemko. Hapo ndipo watu waliinuka vitini. Wimbo kama huo unaweza kufika dakika saba au nane. Redioni unakatwa dakika ya nne kupisha matangazo. Tunao vijana wanaosema zilipendwa ni muziki wa kusinzia, na ukweli ni kwamba hawajawahi kufikishwa kwenye chemko.

Halafu kuna yale ambayo hayahesabiwi kabisa. Neno zilipendwa limekuwa na maana ya dansi ya mjini peke yake. Kwaya zilizoimba kwenye sherehe za vijiji na ngoma kama sangula ambayo bibi zetu waliicheza mavuno yalipoisha, nazo zilipendwa. Mtoto wa Kipogoro au Kindamba hawezi kuisikia ngoma ya kwao hewani isipokuwa siku ya mbio za mwenge au ziara ya kiongozi.

Mwisho ni haki ya mwenye jasho. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo ukipigwa, familia yake ina madai ya mirabaha. Nyimbo chache zikipigwa, hata mfumo wa malipo ungekuwa mzuri namna gani, wanaoweza kunufaika ni wachache. Mjane wa mpiga besi wa bendi iliyosahauliwa hawezi kudai kitu kwa wimbo usiorushwa.

Redio nazo zina yao

Haitakuwa haki kuwatupia watangazaji lawama zote. Redio ya wilayani inalipia leseni, umeme, mafuta ya jenereta na mafundi wa mnara. Matangazo ya biashara ni machache, na mengi yanakwenda kwenye vituo vikubwa. Mtangazaji mmoja anasoma habari asubuhi, anaendesha kipindi cha kilimo mchana, na jioni anakaa kwenye zilipendwa. Huyo huwezi kumwambia akakae maktaba wiki nzima, tena maktaba yenyewe hana.

Pia kurudia si dhambi. Mtoto hulala kwa wimbo uleule kila usiku na hachoki. Kuna nyimbo ambazo bila hizo Jumapili haijatimia, na msikilizaji angepiga simu kuuliza kulikoni. Tunachoomba ni nafasi. Katika saa mbili za kipindi, nyimbo za kila siku zikichukua saa moja na nusu, nusu saa inayobaki itoshe kwa zile ambazo hazijasikika mwaka mzima.

Kanda hazitusubiri

Utepe wa kurekodia ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu huila ile gundi, ukungu huingia, na utepe ukilazimishwa kuzunguka huacha unga wake kwenye mashine. Unga ukitoka, sauti imetoka nao. Mambo haya yanazikuta kanda za Dar es Salaam, na yanaikuta kaseti iliyo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda Ifakara, ambako joto na unyevu hatuvipungukiwi.

Juhudi zimekuwepo. Mnamo mwaka 2012 kundi lililojiita Tanzania Heritage Project lilianza kampeni ya kutaka kanda za RTD zihamishiwe kwenye kompyuta. Kazi ya aina hiyo inawezekana, na mfano upo Afrika hiihii. Guinea ilikuwa na historia kama yetu: serikali ya kijamaa, bendi zilizolelewa na dola, na redio moja ya taifa iliyorekodi zote. Kati ya mwaka 2008 na 2013 mtafiti Graeme Counsel, kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, alikaa na watu wa redio ya Conakry wakanakili utepe mmoja baada ya mwingine. Walipomaliza walikuwa wameokoa nyimbo 9,410.

Linganisha idadi hiyo na kapu letu la Jumapili.

Familia ianzie wapi

Kazi ya maktaba kuu ni ya serikali na wataalamu. Lakini nyumba zetu nazo ni maktaba, na hapa hakuna wa kumsubiri.

Kwanza, pima. Chukua daftari, mpe mwanafunzi wa nyumbani kazi ya kuandika kila wimbo utakaopigwa katika kipindi cha zilipendwa kwa Jumapili nne. Mwisho wa mwezi hesabuni pamoja: nyimbo ngapi zimerudiwa, bendi ngapi zimetajwa, mtangazaji amesema jina la mtunzi mara ngapi. Malalamiko yenye daftari husikilizwa kuliko malalamiko matupu.

Pili, omba kwa jina. Usitume ujumbe wa kuomba zilipendwa yoyote. Kaa na mzee kabla ya kipindi, muulize bendi, mwimbaji na wimbo ambao hajausikia miaka mingi. Tuma hayo. Redio ikijibu kwamba haina, nayo ni habari: sasa wanajua wanachokosa.

Tatu, okoa kaseti. Kama ndani kuna kaseti za zamani, hasa zile zilizorekodiwa harusini, kanisani, msikitini au kwenye ngoma, huenda hakuna nakala nyingine duniani. Vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Usiiweke juu ya spika wala sabufa, kwa sababu sumaku yake inafuta sauti. Ikiwa imepata unyevu, ikaushe kivulini penye hewa, usiianike juani kama betri. Kabla ya kuipiga izungushe taratibu kwa kalamu uone kama utepe umenasa. Usiijaribu kwenye redio kaseti inayojulikana kwa kula kanda. Ikicheza vizuri, inakili kwa waya kwenye kompyuta, au angalau weka simu karibu na spika chumba kikiwa kimya, kisha andika tarehe, mahali na wahusika.

Nne, mrekodi mzee mwenyewe. Simu nyingi tulizonazo zina kinasa sauti. Nusu saa inatosha kwa siku. Uliza mambo yenye majibu: Ni bendi gani iliwahi kupiga Ifakara, na katika ukumbi gani? Walikuja kwa lori au kwa treni ya TAZARA? Kabla ya daraja la mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, vyombo vya muziki vilivushwaje kwenda Mahenge? Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari Kidatu walicheza wapi mwisho wa mwezi? Kiingilio kilikuwa kiasi gani, nani alimlipia nani? Ukifika swali hilo la mwisho huenda ukapata na hadithi ya namna babu na bibi walivyokutana.

Tano, peleka mzee studio. Redio za jamii zinahitaji vipindi vya bei nafuu, na hakuna kipindi nafuu kama mzee mwenye kumbukumbu aliyekaa mbele ya maikrofoni na kijana anayejua kuuliza. Wenye mashine za kukoboa mpunga na maduka ya pembejeo wanaweza kudhamini nusu saa kama hiyo. Wateja wao wakubwa ndio wasikilizaji wa kipindi hicho.

Tukumbuke pia hesabu ya miaka. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 Mbaraka alipoanzisha Super Volcano leo amevuka 70. Aliyecheza Cuban Marimba akiwa na umri huo, Salum Abdallah akiwa hai, ana 80 au zaidi. Watu hawa wanaweza kusikia sekunde kumi za wimbo na kukutajia bendi, mpiga gitaa na mwaka. Wengine wapo Mlabani, wengine Mang'ula, wengine wako shambani muda huu wakiamia ndege.

Jumapili hii, kipindi kikianza na wimbo uleule, punguza sauti ya redio na umuulize aliye karibu nawe: ulipokuwa kijana, ulikuwa ukicheza upi?